Mwili Upo, Moyo Uko Wapi?

Katika maongezi yetu ya leo twataka kuwaelezeni habari ya kitu ambacho kila mtu anacho, na ambacho kila mtu hukipoteza mara nyingi kwa siku bila kujua kwamba amekipoteza. Si fedha, wala si ufunguo. Ni uangalifu wa moyo, yaani ile hali ya akili kuwapo mahali pale pale ulipo mwili.

Juzi tulikuwa tumeketi barazani kwa rafiki yetu mmoja. Mtoto wake akarudi kutoka shuleni, daftari mkononi, uso umejaa furaha. Alitaka kumwambia baba yake kwamba siku ile mwalimu amemsimamisha mbele ya darasa asome, naye akasoma mpaka mwisho bila kukwama. Baba alikuwa ameshika simu yake, na moyoni alikuwa akihesabu deni la mbolea. Mtoto akasema, baba akaitikia, "Ehe." Mtoto akasema tena, baba akaitikia, "Ehe, vema." Mtoto akasimama kidogo, kisha akaingia ndani. Baada ya robo saa baba akainua kichwa akaita, "Mwanangu, ulikuwa wasemaje?" Mtoto akajibu kutoka ndani, "Si kitu, baba."

Jambo hilo halikututoka. Rafiki yetu si mtu mbaya. Ampenda mwanawe, na lile deni alilokuwa akilihesabu ni la shamba ambalo ndilo linalomnunulia mtoto yule madaftari. Lakini "Si kitu" ya namna ile ikisemwa mara nyingi, mtoto hujifunza kunyamaza, na baba huja kushangaa miaka kumi baadaye kwamba mwanawe hamwambii neno. Basi ndiyo sababu twaona yafaa kulizungumza jambo hili.

Watu wengi hudhani kwamba utulivu umeondoka kwa sababu ya kelele. Husema, laiti nyumba yangu ingekuwa mbali na barabara, laiti mashine ya kusaga isingenguruma tangu asubuhi, laiti watoto wa jirani wangelala mapema na simu hii isiite kila mara, ningetulia. Katika maneno hayo mna kweli, walakini si kweli yote. Mtu aweza kulala usiku wa manane, hakuna jogoo wala mbwa anayelia, naye akageukageuka kitandani akibishana na mtu ambaye hayupo. Yule aliyemtukana sokoni siku ya Jumanne amelala kwake usingizi mzito. Ni yeye mwenyewe anayemkaribisha tena chumbani mwake, na kumsikiliza akitukana kwa mara ya ishirini.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2010 mabwana wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walitangaza matokeo ya kazi yao. Waliwauliza watu wazima 2,250 maswali kwa njia ya simu zao za mkononi, mara kwa mara, bila kuwapa taarifa kwanza: Sasa hivi unafanya nini? Akili yako imo katika jambo hilo, au iko pengine? Nawe wajionaje? Wakaona kwamba karibu asilimia 47 ya nyakati walizouliza, akili ya mtu haikuwamo katika jambo alilokuwa akilifanya. Tena wakaona kwamba watu walikuwa na furaha pungufu akili zao zilipokuwa mbali. Hata aliyekuwa akiwaza jambo la kupendeza hakuwa na furaha zaidi kuliko alipokuwa akiiangalia kazi iliyo mbele yake.

Na mwaka 2014 mtaalamu mwingine, Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia, pamoja na wenzake, walieleza jambo la ajabu zaidi. Walimweka mtu peke yake katika chumba kitupu kwa dakika 15. Hana kitabu, hana simu, hana kazi ila kukaa na mawazo yake. Palikuwa na kifungo ambacho mtu akikibonyeza hupigwa na umeme, si wa kudhuru, lakini wauma. Watu hao walikuwa wameuonja umeme huo kwanza, wakasema kwamba wangekuwa radhi kutoa fedha wasipigwe tena. Hata hivyo, walipoachwa peke yao na mawazo yao, wanaume 12 kati ya 18 walikibonyeza, na wanawake 6 kati ya 24. Wasikilizaji wa kiume watusamehe. Hesabu hiyo si yetu.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba kukaa na nafsi yako mwenyewe ni kazi ambayo haifanyiki bila kufundishwa, kama kusoma. Akili ya binadamu haikuumbwa ikae kimya. Hupenda kutangulia mbele kutafuta hatari, na kurudi nyuma kupekua mambo yaliyopita. Wala hatusemi kwamba hilo ni baya. Mkulima asiyewaza mvua kabla haijanyesha atapanda kwa kuchelewa, na mama asiyekumbuka homa ya mwaka jana hatanunua chandarua. Lakini yuko mtu anayewaza, na yuko mtu anayechukuliwa na mawazo. Wa kwanza ni kama mtu aliyeketi katika mashua, kasia mkononi. Wa pili naye yumo katika mashua, ila amelala, na mkondo wa maji wampeleka unakotaka.

Na tusifikiri kwamba uangalifu ni kitu kigeni kwetu. Mtazameni mtu anayetia uzi katika tundu la sindano. Hasemi, pumzi yake imekuwa ndogo, na ukimwita hasikii mpaka uzi umepita. Mtazameni mchezaji hodari wa bao. Watazamaji wamemzunguka, huyu acheka, huyu amshauri, huyu amkejeli, naye anazitazama kete zake kana kwamba yuko peke yake duniani. Watu wa namna hiyo hawakuondoa kelele. Kelele ipo, ila haikuwakokota. Shida ni kwamba uangalifu huo hutujia pale tu ambapo jambo lenyewe hutuvuta, na mchezo ukiisha umekwisha. Swali letu ni hili: Je, mtu aweza kujizoeza awe nao hata katika mambo yasiyovuta, kama kula uji au kumsikiliza mtoto?

Watu wa dini nyingi wamelijibu swali hilo tangu zamani. Waislamu wanalo neno khushuu, yaani kuhudhuria kwa moyo katika sala, kwa maana sala ya ulimi peke yake yajulikana haitoshi. Wakristo wa kale waliokwenda kukaa katika majangwa ya Misri walipigana sana na mawazo yanayotangatanga. Lakini leo twataka kuwapeleka Burma, nchi ambayo siku hizi huitwa Myanmar. Nchi hiyo si ngeni masikioni mwa Afrika ya Mashariki, kwa kuwa mwaka 1944 askari wetu wa King's African Rifles, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walipigana huko katika bonde la Kabaw, katika mvua na matope na malaria, mpaka wakauvuka mto wa Chindwin mwezi wa Desemba. Baadhi ya wazee wetu walisimulia habari za mahekalu ya nchi ile na watawa wake wenye mavazi ya rangi ya udongo. Sababu ya pili ni kubwa zaidi: huko Burma mazoezi haya ya moyo yalitoka katika nyumba za watawa yakawafikia wakulima na makarani.

Dini ya watu wa Burma ni ya Buddha, na katika mafundisho yake ya kale limo fundisho la kuiangalia pumzi. Kwa muda mrefu watu wa kawaida walidhani kwamba kazi hiyo ni ya watawa tu. Wao wapike chakula, wawape watawa, basi. Alitokea mtawa mmoja mwenye elimu kubwa, Ledi Sayadaw, aliyezaliwa mwaka 1846 akafa mwaka 1923. Katika siku zake, mwaka 1885, Waingereza walimwondoa mfalme wa mwisho wa Burma katika mji wake wa Mandalay, na watu wakahofu kwamba mambo yao yote ya asili yatapotea. Ledi Sayadaw aliona kwamba elimu hii isiachwe mikononi mwa wachache. Akaandika vitabu kwa lugha ya kwao ambayo watu waliielewa, akawafundisha watu wenye wake na watoto na mashamba.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mkulima, jina lake Saya Thetgyi, wa kijiji cha Pyawbwegyi, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Rangoon. Alizaliwa mwaka 1873. Kipindupindu kilipoingia kijijini mwake kilimwulia watoto. Huzuni hiyo ndiyo iliyomwondoa nyumbani kutafuta mtu atakayemwonyesha namna ya kuishi nayo. Alipopata mafundisho alirudi shambani kwake, na baadaye akawa mwalimu, ingawa hakuwa mtawa.

Kwa mkulima huyo, mwaka 1937, alikuja karani wa serikali, U Ba Khin. (Neno "U" kwao ni la heshima, kama sisi tusemavyo Bwana.) Huyu alikuwa mtu wa ofisi, aliyeanza ukarani katika ofisi ya hesabu za serikali, na ambaye maisha yake yote yalikuwa tarakimu, barua na watu wanaongoja mlangoni. Rafiki yake mmoja alimwonyesha namna ya kuiangalia pumzi. Akajaribu, akaona moyo wake umekaa mahali pamoja, jambo ambalo hakulitazamia. Hakungoja. Aliomba ruhusa ya siku kumi, akaenda kwa yule mkulima.

Baada ya siku kumi alirudi ofisini, na hilo ndilo lipendezalo kwetu. Hakuacha kazi akaenda kukaa pangoni. Burma ilipopata uhuru tarehe 4 Januari 1948 yeye akawa Mhasibu Mkuu wa kwanza wa serikali. Mwaka 1950 aliunda chama cha mazoezi hayo katika ofisi ile ile kwa ajili ya wafanya kazi wake, na mwaka 1952 kikafunguliwa kituo chake huko Rangoon. Wakati mwingine alipewa kuongoza idara nne za serikali kwa pamoja. Akafa mwaka 1971. Twamtaja kirefu kwa sababu wengi husema, "Mambo hayo ni ya watu wasio na kazi." Huyu alikuwa na kazi kuliko sisi sote tunaosema hivyo.

Sasa namna yenyewe. Haina siri, na haimlazimishi mtu kubadili dini yake.

Keti mahali po pote, juu ya mkeka, kigoda au gogo. Mgongo uwe umenyoka bila kukakamaa. Funga macho au yainamishe. Kisha angalia pumzi yako hapa mlangoni mwa pua, pale inapopita juu ya mdomo. Yaingia: jua kwamba yaingia. Yatoka: jua kwamba yatoka. Usiivute kwa nguvu, wala usiifanye ndefu, iache ilivyo. Mtu mzima aliyepumzika huvuta pumzi mara 12 mpaka 20 kwa dakika moja, ndiyo kusema zaidi ya mara 17,000 kwa siku, na katika hizo zote huenda hujaijua hata moja.

Kabla hujafika pumzi ya tano utakuwa umekwenda. Utajikuta sokoni, au katika kesi ya mpaka wa shamba, au unapika chakula cha jioni. Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani wameshindwa, wakajikemea, wakaacha. Fikirini mchungaji wa mbuzi. Mbuzi akiingia katika shamba la jirani, mchungaji hodari hamrushii jiwe mpaka akamvunja mguu, wala haketi chini kulia kwamba yeye hafai kuchunga. Amwendea, amrudisha. Mbuzi ataingia tena, atamrudisha tena. Kuchunga ndiko huko. Na katika mazoezi haya, kule kugundua kwamba umekwenda, kisha kurudi bila hasira, ndiko kazi yenyewe. Aliyekwenda mara mia akarudi mara mia amefanya kazi kubwa siku hiyo.

Kwa nini pumzi, wala si kitu kingine? Kwanza kwa sababu huna haja ya kuinunua wala kuikumbuka kuichukua safarini. Pili, pumzi daima ni ya sasa. Hakuna awezaye kuivuta pumzi ya jana. Tatu ni jambo la mwili. Kutoka katika shina la ubongo hushuka mshipa mrefu wa fahamu mpaka moyoni na tumboni, na kwa njia ya mshipa huo moyo hupiga upesi kidogo pumzi inapoingia, na polepole kidogo inapotoka. Mtu mwenye hofu huvuta pumzi fupi za juu juu. Akitulia, pumzi zake huwa ndefu, na moyo wa nyama nao hupunguza mwendo. Jaribuni wenyewe: shikeni mahali mshipa unapopiga karibu na kiganja, mvute pumzi polepole, muitoe polepole zaidi. Wengi, hasa vijana, wataiona tofauti hiyo.

Sisi wenyewe tulijaribu kabla ya kuwaletea maongezi haya, kwa maana si vema kumwuzia mtu chungu ambacho hukukipikia. Tuliketi nyuma ya nyumba saa kumi na mbili asubuhi, dakika kumi kila siku. Siku ya kwanza tulisikia ufagio wa jirani, tukawaza ufagio, tukawaza duka la mafagio, tukajikuta tuko Mombasa na habari za mwaka mwingine kabisa. Siku ya pili pua iliwasha. Siku ya tatu tulikuwa tukiyatunga maongezi haya badala ya kuiangalia pumzi, nayo yalionekana mazuri sana, ila tulipofumbua macho hatukukumbuka neno hata moja. Siku ya nne watoto walianza kucheza karibu nasi kwa makelele. Tukavumilia kidogo, kisha tukaruka tukawakemea kwa sauti ambayo hata kuku walinyamaza. Hapo tulitahayari. Tulikuwa tunautafuta utulivu, na kwa ajili ya utulivu tumewatisha watoto wa watu.

Lakini kosa hilo ndilo lililotufundisha. Tulikuwa tumeifanya kelele kuwa adui. Siku iliyofuata watoto walipoanza, tulisikiliza tu: sauti hii yapanda, hii yashuka, huyu acheka. Tukairudia pumzi. Sauti zikawa kama mvua juu ya bati, ipo wala haina ugomvi nawe. Haikudumu; labda ni dakika mbili. Hata hivyo, dakika mbili hizo tulizijua kwa hakika, na hatukuwahi kuzijua kabla ya hapo.

Huko Marekani mazoezi haya yaliingia hospitalini mwaka 1979. Mtaalamu mmoja wa elimu ya viumbe, Jon Kabat-Zinn, alianzisha mafunzo katika Chuo Kikuu cha tiba cha Massachusetts, mjini Worcester. Aliwapokea wagonjwa ambao maumivu yao hayakusikia dawa. Hakuwaahidi kwamba maumivu yataondoka. Aliwafundisha kuyatambua kama yalivyo, bila kuyaongezea hofu ya kesho. Zoezi moja mashuhuri katika mafunzo hayo ni la kula zabibu kavu moja tu: kuitazama, kuinusa, kuiweka juu ya ulimi, na kuitafuna polepole mpaka iishe. Sisi tulijaribu kwa karanga. Tuliona kwamba tumekula karanga maisha yetu yote na hatujapata kuonja moja.

Je, yafaa kweli? Mwaka 2014 wataalamu walikusanya majaribio 47 yaliyofanywa kwa watu zaidi ya 3,500. Wakaona kwamba mazoezi haya hupunguza kwa kiasi wasiwasi, unyonge wa moyo na maumivu. Twasema kwa kiasi, kwa sababu hawakuona kwamba yazishinda dawa au mazoezi ya viungo. Mwaka 2022 jaribio lingine la watu 276 wenye ugonjwa wa wasiwasi lilionyesha kwamba mafunzo ya majuma nane yalifaa karibu sawa na dawa moja inayotumiwa sana na madaktari. Hiyo si habari ndogo. Lakini asiache mtu dawa aliyopewa na daktari kwa sababu ametusikia sisi.

Tena yako mambo mawili ambayo lazima tuyaseme wazi. Mtu aliyepatwa na jambo zito, kama vita, kufiwa kwa ghafula, au kupigwa na aliyemtegemea, akifumba macho huenda akayaona yale yale. Mtu huyo asijilazimishe. Na afumbue macho, atazame miti, atembee, azungumze na mtu anayemwamini, na aende hospitali. La pili ni hili: pumzi hailipi deni. Ghala tupu haijazwi kwa kuketi juu ya mkeka. Mwajiri anayewacheleweshea watu mishahara, kisha akawaambia watulize mioyo, anawadhihaki. Mtu aliyetulia huweza kwenda kuidai haki yake bila kutetemeka na bila matusi, na hilo twaliona ni bora, ila haki lazima idaiwe.

Kwa wale ambao hata dakika kumi hawazipati, na akina mama wengi ni wa namna hiyo, yatosha kuchagua kazi moja ya kila siku na kuifanya kwa moyo wote. Wengine wamechagua kuchota maji: uzito wa ndoo, baridi ya mpini, maji yanayoteleza kidoleni. Wengine wamechagua kunawa uso asubuhi, au hatua za kwanza ishirini wanapotoka mlangoni. Simu nayo ina mahali pake. Twajua nyumba moja ambapo wakati wa chakula simu zote hulala ndani ya kikapu juu ya kabati. Mwanzoni mkono wa kila mtu ulikwenda mfukoni ukarudi mtupu. Mshika mawili moja humponyoka, na mara nyingi linaloponyoka ni lile lisiloita kwa sauti.

Tulimweleza mambo haya rafiki yetu wa barazani. Akacheka. Akasema mwenye deni la mbolea hana nafasi ya kuhesabu pumzi. Hatukubishana naye, kwa maana deni ni lake na sisi hatukuwa na fedha za kumkopesha. Tulimwambia tu kwamba mtoto akija, kabla hajajibu neno, avute pumzi moja na kuitoa, na amtazame usoni. Jumamosi iliyofuata tulipita kwake. Deni lilikuwa bado halijalipwa. Alitueleza kiasi chake kabla hatujaketi. Mtoto akaja na kitabu chake cha kusoma. Simu ikaita. Baba akaitazama, akaigeuza kifudifudi juu ya mkeka, akavuta pumzi kwa kishindo mno hata sisi tukaisikia, kisha akamwambia mtoto, "Haya, nisomee." Mtoto akasoma kurasa mbili. Alikwama mara tatu, na mara zote tatu baba ndiye aliyemtajia neno.

Wanaotaka kujaribu na waanze kesho asubuhi kwa dakika tano, si zaidi, kabla ya kuwasha simu na kabla ya kufungulia redio, hata hii yetu. Wasiokuwa na saa wapange hivi: pumzi hamsini, ukipotea katika hesabu anza tena na moja.